Jino huonyesha dalili kabla halijauma

Wengi wanaokuja kwangu wamekesha. Shavu limevimba, khanga imefungwa kuanzia utosini hadi kidevuni, karafuu imeshawekwa, maji ya chumvi yameshasukutuliwa, vidonge vya dukani vimeshamezwa, na ombi ni moja: "Daktari, ling'oe tu." Mimi ni tabibu wa meno kwenye kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Tabora. Kung'oa ni sehemu kubwa ya kazi yangu, na mtu aliyekesha kwa maumivu anastahili kupumzishwa siku hiyohiyo. Lakini shimo lililofika kwenye kiini cha jino, kule kwenye mishipa ya fahamu, halikuchimbika wiki iliyopita. Kwenye meno ya ukubwani kuoza kunaweza kuchukua miaka kuvuka ganda gumu la nje, ile enameli. Kwenye meno ya utoto, ambayo enameli yake ni nyembamba, ni miezi tu. Muda wote huo jino linaonyesha dalili na halina maumivu, kwa hiyo hakuna anayelitazama.

Ndiyo maana naandika. Nimeona kwa macho yangu kwamba hatua ya kwanza ya kuoza inaonekana bila mashine yoyote, na ikionekana mapema inarudi nyuma bila kuchimba wala kuziba.

Wazee wetu wanasema jino lina mdudu. Sibishani nao sana, maana hawakukosea mbali. Ulaya nako walisema hivyo karne nyingi, hadi tabibu Mfaransa Pierre Fauchard alipopinga mwaka 1728, na mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, akaeleza habari ya bakteria na tindikali. Wadudu wapo, ila hawaonekani kwa macho na hawatoboi. Wanaishi kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno. Wakipata sukari wanatengeneza tindikali. pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi kwenye uso wa jino, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli. Kisha mate yanaizimua ile tindikali na kurudisha madini, kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kama kinywa kinapumzika kati ya mlo na mlo, mate yanashinda. Kama kila baada ya muda mfupi kuna chai tamu, pipi au soda, mate hayapati nafasi, na madini yanaendelea kutoka hata kama sukari yenyewe ni kidogo.

Siku za kliniki ya mama na mtoto huwa naomba nafasi karibu na mizani. Akina mama wako pale wakisubiri zamu, watoto wako pale, na umri ule wa meno ya kwanza ndio ninaoutaka. Mzazi na mimi tunakaa tukitazamana, magoti yakigusana. Mtoto anapakatwa akimtazama mzazi wake, kisha tunamlaza taratibu hadi kichwa kinafika kwenye mapaja yangu. Mzazi anamshika mikono. Mtoto akilia hakuna ubaya, mdomo unafunguka wenyewe. Nainua mdomo wa juu kwa kidole, nafuta meno ya mbele kwa kitambaa safi, nawasha tochi, natazama pale jino linapokutana na ufizi.

Kuna mtoto wa mwaka na nusu hivi alikuja na bibi yake. Nilimsalimia bibi, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akasema mjukuu hana shida, wamekuja kupima uzito tu. Kabla ya kufuta sikuona kitu. Baada ya kufuta na kuacha meno yakauke kidogo, kwenye meno mawili ya mbele ya juu ulijitokeza mstari mweupe uliofifia, wa rangi ya chaki, umefuata mkunjo wa ufizi kutoka upande hadi upande.

"Hayo si maziwa?" bibi akauliza.

Nikampa kitambaa afute mwenyewe. Akafuta, akafuta tena kwa nguvu kidogo. Mstari haukutoka. Akainama karibu, akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa hiyo ni nini, daktari? Mbona hakuna shimo?"

Shimo hakuna bado. Ule weupe ni enameli iliyopoteza madini chini ya uso wake na kubaki na vitundu vidogo mno. Jino likiwa na mate, vile vitundu vinajaa maji na mwanga unapita karibu kama kawaida. Likikauka, hewa inaingia kwenye vitundu, mwanga unatawanyika, weupe unatokea. Aliyewahi kupaka ukuta chokaa anajua: ukiwa umelowa huoni weupe wake, ukikauka ndipo unang'ara. Kwa hiyo kukausha ni kipimo chenyewe. Doa linaloonekana baada ya kukausha tu ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa limelowa limeshaingia ndani zaidi. Hospitali yenye kiti cha meno ina bomba la hewa, na sekunde 5 za hewa zinatosha. Mimi mara nyingi nina kitambaa na pamba, na vimenifaa.

Nilimuuliza bibi mtoto analala na nini. Akasema chupa ya maji ya vuguvugu na asali, asali ya mume wake mwenyewe, safi, haina sukari hata chembe.

Hapa Tabora neno hilo nalisikia sana, na naelewa linatoka wapi. Sisi ni watu wa asali. Misitu ya miombo ndiyo hiyo, mizinga ya magome ipo juu ya miti, na mgeni haondoki bila chupa. Asali imetibu vidonda na vikohozi vya vizazi. Mzee mmoja mrina asali aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, dawa itaozeshaje meno?" Nilimjibu kwa heshima kwamba yote mawili ni kweli. Kwenye kidonda asali inasaidia, na kwenye kinywa karibu asilimia 80 yake ni sukari, fruktosi na glukosi, bakteria wanaila vizuri tu. Tena yenyewe ni chachu, pH yake ni kama 4, na inanata. Sijamwambia mtu yeyote aache asali, na sitamwambia. Ninachosema ni kwamba iliwe pamoja na chakula, isiwe ya kulalia, kwa sababu usiku mate hupungua na kinywa hakina wa kukitetea. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, na hiyo haihusu meno: asali inaweza kuwa na vimelea vinavyompooza mtoto mchanga.

Matobolwa nayo yana habari yake. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, vinaganda kwenye mikunjo ya magego na kukaa humo. Mtoto anayetembea nayo mfukoni mchana kutwa ana magego yaliyozungukwa na utamu mchana kutwa. Akiyala kwa pamoja kisha akanywa maji, mambo ni tofauti.

Kwa yule mtoto tulifanya mambo machache. Chupa ya usiku ikawa ya maji matupu. Mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floridi, madini yanayosaidia enameli kujijenga upya, kiasi cha punje ya mchele, na mtu mzima ndiye anayemswaki. Nilimwonyesha bibi pale kwenye tyubu pameandikwa kiwango cha floridi: kiwe kuanzia ppm 1000. Waliporudi kliniki baadaye nilifuta, nikakausha, nikatazama. Mstari ulikuwepo, lakini haukuwa tena wa chaki. Ulikuwa unang'aa, na nilipopitisha kifaa taratibu uliteleza. Doa lililofifia na lenye mkwaruzo bado linaendelea kuoza. Linalong'aa na kuteleza limesimama. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayoniambia kama familia ile imeshinda au bado.

Niseme pia jambo moja ambalo hunikumba nikiinua mdomo wa mtoto. Mama huogopa, akadhani natafuta "meno ya plastiki". Yale yanayoitwa hivyo ni vichipukizi vya meno ya chonge ya utoto, ambavyo havijatoka bado, na ufizi juu yake huonekana mweupe na kuinuka kidogo. Homa na kuharisha vina sababu nyingine na vinahitaji tiba yake. Kuyachimbua kunamletea mtoto damu na maambukizi, na kunaweza kuharibu hadi chonge la ukubwani. Nawaambia mapema kabisa: natazama tu, sing'oi kitu.

Si kila doa ni kuoza, na kulitambua hilo kunaepusha hofu ya bure. Tabora tuna ndugu wengi waliokulia Singida, Shinyanga na Arusha, ambako kuna maji yenye floridi nyingi. Meno yao yana madoa meupe au ya kahawia, lakini yamesambaa kwenye meno mengi, kushoto na kulia kwa kufanana, mara nyingi kama mistari ya kulala, wala hayafuati ufizi. Hayo yaliumbika jino likiwa bado ndani ya taya. Doa la kuoza linakaa pale ukoga unapokaa: kwenye mpaka wa ufizi, kwenye mikunjo ya gego, na pale jino linapogusana na jirani yake.

Mikunjo ya gego ndiyo inayonisumbua zaidi. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo mzazi hajui kwamba limeota. Anadhani ni la utoto, litabadilishwa. Halitabadilishwa. Tena wakati linachomoza ni fupi kuliko wenzake na mswaki unapita juu bila kuligusa, na bado halijakomaa. Katika watu wazima ninaowang'oa, gego hili ndilo linalokuja mkononi mara kwa mara, na kila nikiliona naumia.

Kulikagua kuna namna yake. Zamani tulifundishwa kuchukua chuma chenye ncha kali na kukikandamiza kwenye mkunjo. Kikinasa, jino bovu. Njia hiyo imeachwa, na nakubaliana kwa moyo wote na walioiacha. Ncha hunasa hata kwenye mkunjo mzima ulio mwembamba, kwa hiyo haisemi mengi, na penye enameli iliyodhoofika inaweza kuvunja uso ambao ungepona. Siku hizi natumia kifaa chenye kichwa cha duara cha nusu milimita, bila kukandamiza, kuhisi tu. Kazi kubwa ni ya macho. Nasafisha mkunjo kwanza, kwa sababu ukoga unaficha kila kitu. Nakausha. Kisha natafuta weupe kwenye kuta za mkunjo, maana weusi peke yake chini ya mkunjo mara nyingi ni rangi ya chai au tumbaku. Nikiona kivuli cha kijivu chini ya enameli inayoonekana nzima, najua ndani kumeshalika, hata kama juu hakuna tundu. Kivuli hicho kinadanganya watu wengi sana kwa sababu jino linaonekana zuri.

Katikati ya meno, macho yanafika mwisho. Mgonjwa mwenyewe hutoa fununu: nyama inanasa palepale kila siku, uzi wa kusafishia meno unachanika sehemu ileile, soda baridi au asali inachoma kwa sekunde chache kisha inapoa. Utamu ukichoma, kuoza mara nyingi kumeshavuka enameli, lakini kiini bado kinaweza kuokolewa. Msisubiri hadi yaje maumivu ya kukesha. Kwa meno ya mbele naweka kioo kidogo nyuma ya jino, narudisha mwanga wa tochi upite katikati yake; penye kuoza panaonekana giza. Kwa magego nampeleka mgonjwa mjini kwenye eksirei, ile picha ya kung'ata, ambapo mtu anauma kikaratasi chenye filamu na magego ya juu na chini yanaonekana pamoja. Picha hiyo ni msaada mkubwa, ila wenzangu wasiisujudie. Enameli lazima iwe imepoteza karibu theluthi moja ya madini mahali pale ndipo weusi uonekane. Picha safi haimaanishi hakuna kitu, na haifai kupigwa kila mara bila sababu, hasa kwa watoto.

Kuna pia kalamu za leza zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Zinamulika mwanga mwekundu kwenye mkunjo na kusoma mwanga unaorudi, zikatoa namba kuanzia 0 hadi 99. Ni kazi nzuri ya wataalamu, na kufuatilia doa moja mwezi hadi mwezi kunafaa. Lakini ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu, rangi ya chai na mabaki ya chakula vinaipandisha namba, kwa hiyo hata mwenye kalamu hiyo lazima aanze na kusafisha na kukausha, vilevile kama mwenye kitambaa. Sijawahi kulala nikiiwaza. Ninachowaza ni mwanga wa kutosha na muda wa kutosha kwa kila mtoto.

Kugundua mapema bila tiba ya mapema ni kumwongezea mtu hofu, na tiba ipo. Doa lisilo na tundu linapakwa vanishi ya floridi, dawa inayoganda juu ya jino. Mkunjo wa gego wenye kina unazibwa kwa juu kabla haujaoza. Tundu dogo linaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono, bila umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi, likazibwa kwa saruji maalum ya glasi-ayonoma inayotoa floridi. Nataka Watanzania walijue hili: mbinu hiyo ilianza kufanyiwa kazi hapahapa nchini katikati ya miaka ya 1980, na Mholanzi Jo Frencken na wenzake Dar es Salaam, na Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia Aprili 7, 1994. Inanipa nguvu kila ninapofungua sanduku langu la vifaa. Ipo pia silva daiamini floridi ya asilimia 38, tone moja linalosimamisha kuoza. Inaacha weusi wa kudumu pale ilipopakwa, mzazi aambiwe kabla. Mwaka 2021 dawa hiyo, ile saruji na dawa ya meno yenye floridi viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mahali vilipo, mzazi ana haki ya kuviulizia.

Nyumbani, fanyeni hivi mara moja kwa mwezi, mchana, mlangoni penye mwanga. Mswakini mtoto kwanza. Mlazeni kichwa mapajani, inueni mdomo wa juu, futeni, subirini meno yakauke, kisha tazameni mpaka wa ufizi. Halafu mashavu yavutwe pembeni kwa kidole, tochi ya simu iwashwe, magego ya nyuma yatazamwe moja moja. Mkiona weupe wa chaki au kivuli, njooni wiki hiyo, hata kama anakula na kucheza vizuri. Na akishaswaki usiku ateme povu, asisukutue kwa maji, ile floridi ibaki ikifanya kazi.

Nikipewa nafasi ya kwenda shuleni siku moja tu kwa mwaka, nachagua darasa la kwanza, Januari hiyohiyo shule zinapofunguliwa. Wengi wao magego yale manne ya kwanza ya ukubwani yanachomoza wakati huo. Walimu wanatoa benchi nje kwenye mwanga, chini ya mwembe panakuwa na kivuli mno, kwa hiyo tunalisogeza juani asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwalimu mmoja anaandika kwenye kaunta buku: jina la mtoto, kisha namba 16, 26, 36 na 46, ndizo namba za magego hayo, na mbele ya kila moja "safi", "weupe" au "tundu". Wenye tundu wanapewa barua ya mzazi siku hiyo. Wenye weupe tunawapaka vanishi kama ipo, tunaongea na wazazi wao habari ya mswaki na vitafunwa, na Julai shule zikifunguliwa tena naanza na majina yao.